Vyuo vyetu viufanye msitu kuwa darasa

Majina ya mitaa husema mengi kuhusu wakazi wake. Mtaa ninamoishi, huku Eastlands jijini Nairobi, huitwa Pipeline, na jina hilo lilitokana na bomba la mafuta. Majirani zetu wa upande mmoja hukaa Fedha. Wengine hushukia kituo cha Transami, jina la kampuni ya uchukuzi. Wengine nao ni wakazi wa Kware, neno ambalo wenyeji walilitohoa kutoka Kiingereza, lenye maana ya machimbo ya mawe. Bomba, fedha, mizigo na mawe: hayo ndiyo yaliyotupa majina. Linganisha na Mombasa, ambako watu hukaa Mbuyuni na kwenda sokoni Mwembe Tayari, au Unguja, ambako mtu hupita Mkunazini, au Dar es Salaam, ambako mtaa mzima huitwa Mikocheni kwa sababu ya mikoche. Huko mti ulikuwepo kabla ya nyumba, na hata ulipokatwa uliacha jina. Kwetu hata jina haukuacha.

Sisemi haya kwa kuudharau mtaa wangu. Pipeline imewahifadhi maelfu ya watu ambao jiji hili halikuwatayarishia mahali pengine pa kulala, na miongoni mwao ni wanafunzi wengi wa vyuo vikuu na vyuo vya ualimu. Lakini anayepajua atakubali kwamba majumba yetu ya orofa saba, nane au zaidi yamesongamana kiasi kwamba wakazi wa orofa za chini huwasha taa saa sita mchana. Mtoto anaweza kuzaliwa, kusoma na kufikia umri wa kwenda chuo kikuu hapa pasipo kuketi chini ya kivuli cha mti hata siku moja. Mtoto huyo ndiye aliyenifanya niandike makala haya.

Mimi ni mhadhiri wa isimu. Miongoni mwa masomo ninayofundisha ni taaluma ya msamiati na utungaji wa kamusi. Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu zoezi ambalo nililiona jepesi: kila mmoja akusanye majina thelathini ya miti na ndege katika lugha ya kwao, atafute visawe vyake katika Kiswahili, kisha aeleze maana ya kila jina kwa namna ambayo mtu asiyekijua kitu hicho ataweza kukitambua akikiona.

Kazi zilizorejeshwa zilinishangaza. Majina yalikuwapo, kwa kuwa wanafunzi waliwapigia simu nyanya na babu zao mashambani. Maana ndiyo iliyokosekana. Katika karatasi moja baada ya nyingine nilikuta maelezo yale yale: "aina ya mti," "aina ya mti mkubwa," "aina ya ndege." Nilipowauliza, kijana mmoja anayekaa mtaani mwangu alinijibu bila kusita: "Mwalimu, hata kamusi imeandika hivyo."

Naam, alikuwa amesema kweli. Anayezipekua kamusi zetu hukutana mara kwa mara na maelezo ya "aina ya mti" au "aina ya samaki", na hapo msomaji huachwa njia panda. Si kwamba kazi hiyo haiwezekani. Padri Mfaransa Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutolewa Paris mwaka wa 1939, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, na ndiyo maana majina mengi ya mimea katika kamusi hiyo yanaambatana na majina ya kisayansi. Alikwenda, akaona, akachuma, ndipo akaandika. Hali kadhalika, kitabu cha Henk Beentje kuhusu miti, vichaka na mitambazi ya Kenya, kilichochapishwa na Makavazi ya Taifa mwaka wa 1994, kimekusanya majina ya miti katika lugha nyingi za nchi hii. Kazi hizo mbili zinatufundisha jambo moja: jina la mti halipatikani maktabani pekee.

Kwa hiyo niliamua kuwapeleka wanafunzi wangu katika Msitu wa Karura.

Karura ni msitu wa zaidi ya hekta elfu moja ulio ndani ya jiji, upande wa kaskazini. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Tulikuwa watu ishirini na wawili. Tulimpata mzee mmoja aliyeujua msitu huo tangu ujana wake, akakubali kutuongoza. Asubuhi ile nilijifunza mengi kuliko wanafunzi wangu.

Mzee alitusimamisha kwanza penye mti wenye shina lililonyooka, akachuma jani moja na kuligeuza. Juu lilikuwa la kijani. Chini lilikuwa na rangi ya fedha. "Huu ni mukinduri," akasema kwa Kikuyu. Kisha akatupeleka penye mti mwingine ambao majani yake machache yalikuwa yamegeuka rangi ya chungwa kabla ya kupukutika. "Na huu ni mutundu." Wataalamu wa mimea huiweka miti hii miwili katika jenasi moja, Croton, na kuitenganisha kwa jina la pili. Wakulima wa Kikuyu hawakuhitaji maabara ili kuitofautisha. Jani la mmoja hung'aa upande wa chini, jani la mwingine huiva kama chungwa, na kila mti ukapewa jina lake. Wanafunzi waliokuwa wameiandika yote miwili kuwa "aina ya mti" walitazamana, wakafungua madaftari.

Tulionyeshwa muhugu, mti mgumu unaostahimili mchwa na unaopendwa sana na wachongaji wa vinyago wa Ukambani. Tulionyeshwa mugumo, mti wa matambiko ya Wakikuyu, ambao aghalabu huanza maisha yake juu ya mti mwingine, ukateremsha mizizi na hatimaye kumkumbata mwenyeji wake mpaka akafa. Msichana mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana nyanya humwita mjomba wangu mugumo!" Watu wakacheka. Lakini hapo ndipo somo lilipokamilika, maana hakuna mhadhara wa sitiari ambao ungalimfahamisha zaidi kuliko mizizi ile aliyoishika kwa mkono.

Tukiwa njiani kurudi, ndege wawili wa rangi ya udongo walikatiza mbele yetu mbio, wakajificha kichakani bila kuruka. Nikasema, "Wale ni kware." Yule kijana wa mtaani kwangu akasimama. Miaka yote alikuwa amelijua neno hilo kuwa kituo cha matatu. Alipoambiwa siku ile kwamba kabla ya machimbo ya mawe neno kware lilikuwa, na bado ni, jina la ndege katika Kiswahili, hakusema lolote kwa muda. Kisha akauliza: "Mwalimu, ni maneno mangapi mengine ambayo tunayatumia bila kujua?"

Swali hilo ndilo ninalolileta mbele ya msomaji leo, na jawabu langu ni hili: tutaendelea kuyapoteza maneno, pamoja na maarifa yaliyomo ndani yake, maadamu vyuo vyetu vitaendelea kuichukulia ziara ya msituni kuwa anasa ya wachache, au mandari ya kufungia muhula, badala ya kuifanya sehemu ya mtaala.

Huenda mtu akasema kwamba hilo ni jambo la wanafunzi wa biolojia na misitu. La hasha. Ni kweli kwamba wao wametutangulia. Wanafunzi wa sayansi walio katika bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi wana bahati ya kuwa jirani na bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka wa 1907 kwa ajili ya kujaribia miti ya kigeni, na ambayo sasa ina mamia ya aina za miti ya kienyeji na ya kutoka nje. Kule Tanzania, Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka wa 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kimejijengea sifa barani Afrika kwa sababu wanafunzi wake hutolewa madarasani wakapelekwa mbugani. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha utafiti ndani ya msitu wa Kibale, huko Kanyawara. Hata ng'ambo, Chuo Kikuu cha Oxford kilirithishwa msitu wa Wytham katika miaka ya arubaini, na tangu 1947 wanafunzi na walimu wake wamekuwa wakiwahesabu ndege wale wale wadogo kila majira ya kuchipua, kizazi baada ya kizazi. Maarifa ya namna hiyo hayawezi kuzalishwa na mtu aliyefika msituni mara moja akapiga picha na kurudi.

Lakini msitu si mali ya mwanabiolojia peke yake. Mwanahistoria atayakuta Karura mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau. Mwanasheria atajifunza pale maana ya ardhi ya umma. Mwanafunzi wa fasihi atajua kwa nini hadithi za kale huanzia msituni. Na mwanaisimu, kama nilivyokwisha kueleza, ataona jinsi lugha inavyougawanya ulimwengu.

Kuna deni jingine tunalopaswa kulikumbuka. Msitu huu tunaoupita leo kwa amani nusura utoweke. Katika miaka ya tisini sehemu zake ziligawiwa watu binafsi ili wajenge. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai, ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alishambuliwa pamoja na wenzake walipofika langoni kupanda mti. Wiki chache baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani kuutetea msitu huo, wakakabiliwa na polisi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini wakati huo, nami nilikuwamo. Nayakumbuka macho yaliyowasha kwa moshi wa kutoa machozi, na nakumbuka pia kwamba wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuukanyaga msitu tuliokuwa tukiupigania. Agosti mwaka huo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka wa 2004 Profesa Maathai akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hebu msomaji alitafakari jambo hili. Kizazi kimoja cha wanafunzi kiliumizwa kwa ajili ya msitu huu. Kizazi kilichofuata kinaambiwa na vyuo vyake kwamba hakuna pesa za kukipeleka kuuona.

Ninayajua haya kwa sababu nimeyapitia. Ili kuipata ile asubuhi moja, niliandika barua, nikazifuata afisini kwa majuma kadhaa. Chuo kilikuwa radhi kutoa ruhusa lakini hakikuwa na gari wala fungu la pesa kwa ajili ya somo la lugha. Basi wanafunzi wakajilipia. Anayetoka Pipeline hana budi kupanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, alipe kiingilio, anunue chochote cha kutia tumboni. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa mlo mmoja kwa siku, hiyo ni bajeti ya siku kadhaa. Darasa langu lina wanafunzi ishirini na sita. Tukimtoa mzee na mimi, waliofika msituni walikuwa ishirini. Sita hawakuja, na wanne kati yao ni wakazi wa Eastlands. Mmoja wao ndiye aliyekuwa na alama za juu kuliko wote darasani. Aliniandikia ujumbe usiku wa kuamkia siku hiyo: "Samahani sana Mwalimu, nimekwama kidogo." Kila mwalimu wa chuo anajua maana ya maneno hayo.

Jiji letu limegawanyika hivyo. Misitu na bustani zenye kivuli zimebaki upande wa kaskazini na magharibi, karibu na mitaa ambayo tangu enzi za ukoloni ilitengewa wenye uwezo. Eastlands ilijengewa vibarua. Hata Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1946 na yenye ukubwa wa kilomita mraba 117, iko kilomita chache tu kutoka kwetu, ng'ambo ya barabara ya Mombasa. Lakini mtu haruhusiwi kutembea humo kwa miguu apendavyo, na wengi wa majirani zangu huiona tu wakiwa juu ya treni au kwenye runinga. Watalii huvuka bahari kuja kuitazama. Sisi twashindwa kuvuka barabara.

Jambo hili lina uzito zaidi tukiwafikiria walimu. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini nchini kote mwaka wa 2019 una somo la shughuli za mazingira. Mtoto wa gredi ya kwanza anatakiwa atoke nje, aitazame mimea, aitaje, aitunze. Ni wazo jema. Lakini nani atakayemwongoza? Mwalimu huyo yumo vyuoni sasa hivi, na huenda anakaa Pipeline, Tassia au Mukuru. Ikiwa yeye mwenyewe kila mti kwake ni "aina ya mti", atamwambia nini mtoto? Atamchorea mti ubaoni, awe na shina moja na kichwa cha mviringo, na mtoto atauandika katika daftari na kupewa alama ya vyema. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Nasi tunamkausha kwanza, ndipo tujaribu kumkunja.

Wapo watakaopinga. Wasimamizi wa misitu watasema kwamba makundi ya wanafunzi huharibu: hukanyaga miche, huwatisha ndege, huacha taka. Hoja hiyo ni ya kweli, wala siipuuzi. Nimewahi kuona kundi la watu zaidi ya mia moja likipita njia nyembamba, na nyuma yake nyasi hazikuinuka. Lakini dawa ya hilo ni kuweka kanuni: kundi lisizidi watu ishirini na watano, liandamane na kiongozi, lifuate njia zilizotengwa, lisichume mmea wala kuchukua mbegu pasipo idhini. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo ataubomoa msitu kwa nadra sana. Anayeubomoa ni yule asiyejua kilichomo.

Wengine watasema pesa hazipo. Vyuo vyetu vina madeni, walimu hugoma kudai haki zao, na wanafunzi wenyewe wamelemewa na karo. Nami najibu kwamba ninachokipendekeza si ghali. Safari ya msitu ulio mjini haihitaji hema wala magari ya kupanda milima. Inahitaji basi moja ambalo mara nyingi limeegeshwa uani, saa nne za asubuhi, na mwongozaji mmoja.

Kwa hiyo natoa mapendekezo manne. Mosi, vyuo vikuu na vyuo vya ualimu vya Nairobi viandikiane mikataba na wasimamizi wa Karura, Arboretum na misitu mingine ya jiji, ili siku fulani za juma ziwe za madarasa, na mwalimu asilazimike kuomba upya kila muhula kana kwamba anaomba fadhila. Pili, madarasa yaliyosajiliwa yasitozwe kiingilio. Msitu wa umma uliookolewa na umma usiwe na bei ambayo mwanafunzi wa umma hawezi kuilipa. Tatu, kila darasa liache kitu nyuma yake. La isimu liache majina ya miti katika Kiswahili na katika lugha zetu nyingine, yaliyohakikiwa na wazee na wataalamu wa mimea. La biolojia liache hesabu ya ndege. La historia liache kumbukumbu za masimulizi. Baada ya miaka kumi tutakuwa na hazina ambayo hakuna fedha ya kigeni ingetununulia. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inaiagiza serikali iziendeleze lugha za kiasili, na katika kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Darasa moja la msituni linatimiza vifungu vyote viwili kwa asubuhi moja.

Nne, tuusogeze msitu mashariki. Mto Ngong unapita upande wetu huu, ukiwa umebeba kila uchafu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwafika vibaya majirani zetu wa Mukuru, na baada yake serikali ilibomoa nyumba zilizojengwa kandokando ya mito. Watu waliteseka kwa ubomozi huo, na haki zao bado zinadai kusikizwa. Lakini ardhi ya ukingoni isipopandwa kitu itajengwa tena, na yatakayofuata tunayajua. Kwa nini vyuo visipewe vipande vya kingo hizo, pamoja na wakazi, vipande miti ya kienyeji na kuvifanya madarasa ya kudumu? Bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi katikati ya jiji, ilikuwa jaa la taka. Leo watu hupumzika pale.

Tangu siku ile ya Karura nimesahihisha upya kazi za darasa langu. Za wale ishirini zimebadilika kabisa. Mmoja ameandika kuhusu mukinduri: "mti mrefu wa nyanda za juu, ambao jani lake lina rangi ya fedha upande wa chini." Kamusi yoyote ingejivunia maelezo hayo. Yule msichana aliyekwama aliazima daftari la mwenzake, akanakili majina yote thelathini bila kosa la tahajia hata moja. Alipofika kwenye safu ya maana, hakutaka kuandika alichosimuliwa kana kwamba alikiona. Mbele ya kila jina ameandika, kwa hati safi, "aina ya mti."

Nimempa alama alizostahili. Deni lililobaki ni letu sisi tunaofundisha na tunaoviongoza vyuo hivi.